Tundu Nililoliacha Golini

Watu elfu nne waliwahi kukaa kimya wakinitazama nikishona.

Mimi, ambaye hata nikiitwa kwa jina huwa naangalia sakafu.

Na mpira wenyewe siupendi. Nianze na hilo ili tusidanganyane.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la ushonaji. Cherehani nne, meza moja ya kukatia vitambaa, na kigoda cha pembeni. Kigoda ndicho kilikuwa changu. Miaka miwili nilishona vifungo tu, jicho likiwa mezani. Anayekata ndiye fundi. Sisi wengine ni wasindikizaji.

Bosi wetu tulimwita Mwenyekiti. Si kwa sababu ya duka, bali kwa sababu aliwaongoza mashabiki wa timu ya mtaa wetu. Sindano hakuijua, lakini filimbi ya refa angeitambua hata usingizini.

Wiki ya mechi ya mwisho alinibwagia mzigo wa kamba zilizosokotana.

"Nyavu za magoli. Uwanja umetuomba tuzizibe. Jumamosi tusiposhinda tunashuka daraja, hata sare haitusaidii. Sasa wewe zishone vizuri, Jumatatu uhamie kwenye meza ya kukata."

"Sawa, bosi."

Nilizishona siku tatu, vidole vikatoboka. Alhamisi jioni likabaki tundu moja, pembeni chini karibu na nguzo, pana la kupitisha ndoo. Nikatafuta kamba ya nailoni, hakuna. Asubuhi niliacha nusu bunda.

Ningeweza kwenda kumuuliza Mwenyekiti. Lakini alikuwa kikaoni na mashabiki, wanaume thelathini wanaoongea wote kwa pamoja. Mimi hata penye watu watatu naingia kwa kunyata.

Nikajiambia, wavu wenyewe si matundu matupu? Moja zaidi nani atalihesabu?

Nikalivuta kwa uzi wa vifungo, juu juu. Kwa mbali, wavu mzima.

Jumamosi tangazo likawa fupi: asiyekuja uwanjani asije na kazini.

Basi nikaenda, nimevalishwa jezi inayofika magotini. Mbele yangu muuza mabati, mtu mwenye wajukuu, amejipaka rangi usoni kama ukuta wa baa. Kinyozi wa jirani yetu alikuwa analia na mechi haijaanza. Wachezaji wenyewe kaptula zao zimepigwa pindo moja juu, moja chini, na hao ndio wanaowapandisha watu presha.

Pembeni yangu alikaa mama yake Mwenyekiti, ambaye sote tulimwita Bibi. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho mwaka ule, bado anavaa miwani myeusi. Ndiye mtu pekee aliyekuwa akipita dukani ananiuliza kama nimekula. Kidole gumba chake kilikuwa na sugu ngumu. Nilidhani ni ya jembe.

"Mjukuu wangu, mpira unaujua?"

"Siujui, Bibi."

"Afadhali. Wanaoujua wote wananipigia kelele masikioni."

Dakika ya arobaini, mshambuliaji wetu, kijana ambaye siku za kawaida anachomelea mageti, akapiga shuti la chini. Mpira ukaingia golini, upande wa ndani wa nguzo. Ukagonga wavu pale pale pangu. Uzi wa vifungo ukakatika, mpira ukatokea nje na kwenda kugonga ubao wa matangazo.

Refa akaonyesha kwamba umepita pembeni, kipa aanze.

Mwenyekiti akashika kichwa. "Tumekosa."

Bibi akasimama. "Limeingia."

"Mama, kaa."

"Limeingia. Nimeliona kwa macho yangu."

"Macho yapi, Bibi?" kinyozi akauliza. "Yale ya zamani au haya ya kuazima?"

Safu tatu zikacheka. Na Mwenyekiti, mwanawe wa kumzaa, akacheka nao.

"Unatuaibisha, mama. Kaa."

Bibi akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake. Kisha akaniuliza, taratibu, "Kwani nimeanza kuona visivyokuwepo?"

Kicheko kile nakijua. Nilikisikia darasa la tano, siku niliyosimamishwa nisome kwa sauti nikakwama mstari wa kwanza. Kesho yake sikurudi, wala keshokutwa, mpaka leo.

Nikisema, meza imekwenda. Nikinyamaza, Bibi anaondoka hapa akiamini macho yake yanamdanganya, kwa tundu langu.

Miguu ikashuka ngazi kabla sijaipa ruhusa.

Wachezaji wetu walikuwa wamemzunguka refa. Mchomeleaji ameshakula kadi ya njano. Nikashika uzio, nikamwita mshika kibendera. Mara ya kwanza sauti ilitoka kama ya kifaranga. Mara ya pili vile vile. Ya tatu ikatoka ya mtu.

"Kuna tundu kwenye wavu. Mimi ndiye niliyeliacha."

Akanitazama kama mwendawazimu. Lakini akaenda. Akainama, akapitisha mkono. Ukazama mpaka begani.

Refa akaja, akapitisha wake pia, maana wanaume hawaaminiani. Wakanong'ona. Kisha refa akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja.

Bao.

Uwanja ukapasuka kwa kelele. Refa akanigeukia.

"Mechi haiendelei wavu ukiwa hivi. Wewe ndiye fundi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Sindano ya magunia nilikuwa nayo mkobani. Kamba sina. Nikaangaza macho, na juu ya jukwaa letu nikaiona picha ya uso wa Mwenyekiti, mita nne, akitabasamu. Imefungwa pembe zote kwa nailoni nyeupe.

Nusu bunda langu.

"Naomba ile," nikamwambia refa.

Walinzi wawili wakapanda, wakakata. Uso wa Mwenyekiti ukawaangukia mashabiki wake vichwani.

Nikapiga magoti, nikashona. Elfu nne kimya. Dakika tisa, mafundo mawili mawili, na kamba nikaikata kwa meno.

Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, goli lile likawa letu kulilinda. Dakika ya mwisho wapinzani wakapiga shuti, likaenda kwenye kona ile ile. Wavu ukavimba, ukaushika mpira, haukuachia.

Moja moja. Tumeshuka daraja.

Mwenyekiti alinisubiri getini. "Ungeliacha lile tundu, mpira ungetoka nje na refa asingeona."

Shule yangu ni ya darasa la tano, lakini hata mimi nilijua kwamba bila kulitaja tundu tusingekuwa hata na lile bao letu. Sikumwambia. Mtu akishaamua kuwa mjinga, usimkatize.

"Jumatatu usije," akasema.

Jumatatu nilikwenda kuchukua kandambili zangu tu.

Nikamkuta Bibi kwenye meza ya kukata, miwani ameipandisha kichwani, mkasi mkononi. Sugu ya kidole gumba imekaa kwenye mshikio wa mkasi kama jiwe kwenye pete. Halikuwa jembe.

"Cherehani hizi nilizinunua kabla huyu hajaota meno," akasema, akimwonyesha Mwenyekiti kwa kidevu. "Nilimwachia duka kwa sababu ya macho. Sasa naona. Mpaka mabao naona."

Mwenyekiti alikuwa anahesabu vigae vya sakafu.

"Na wewe," Bibi akanigeukia. "Umefunika ubovu kwa uzi wa vifungo. Kwa hilo utafagia chini ya meza hii mwezi mzima, huku unanitazama mkono. Ukiisha, nakupa mkasi."

"Na vifungo, Bibi? Nani atashona?"

Bibi alikisukuma kile kigoda kwa mguu mpaka kikafika mbele ya mwanawe.

Leo nakata. Anayetaka somo achukue hili: kazi mbovu uliyoificha itakuita mbele za watu siku usiyoitaka. Bora uitike mwenyewe, mapema, kabla aliyeona ukweli hajachekwa kwa ajili yako.

Mpira bado siupendi.

Na kifungo cha kwanza alichoshona Mwenyekiti kilidumu mpaka mteja alipofika mlangoni.