Siku Tuliyolegeza Kabari za Daraja la Mpakani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ujenzi pale Mpanda sikushika hata nyundo. Mkuu wa Karakana alinipa msumeno na gogo la mtundu, mti mgumu wa misitu ya kwetu, akaniambia nipasue mpaka mkono unyooke. Jioni alikagua vipande vyangu, akacheka. "Kuni nzuri hizi, kijana. Kesho uje tena." Nikaja tena, na sikuondoka mpaka nilipostaafu.

Enzi hizo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Nilijenga vivuko vya mbao njia ya Majimoto. Nyumbani Majengo nilipanga pamoja na mafundi waliotoka Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi, hivyo Kirundi kikaniingia, kibovu lakini hakina aibu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Mhandisi wa Wilaya akaniita.

"Mpakani na Burundi linajengwa daraja la tao, wanataka maseremala. Kirundi unakiweza?"

"Nakiweza, mzee."

"Kiasi gani?"

"Cha kuomba chakula na kugombana."

"Kinatosha. Nenda."

Mimi, mafundi wenzangu na mbao zetu za mtundu tukapanda treni hadi Kigoma, kisha lori.

Tao ni zege lililopindwa kama upinde. Likishakomaa linajibeba lenyewe. Kabla ya hapo hubebwa na kiunzi, yaani msitu wa nguzo kutoka chini ya bonde, na mbao ambazo zege humwagwa juu yake. Chini ya kila nguzo tunaweka kabari, vipande vya mti mgumu vilivyochongwa mshazari. Siku ya kushusha kiunzi, kabari hulegezwa kidogo kidogo, ng'ambo zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja ukiwahi, uzito unaegemea vibaya na tao linaweza kupasuka juu ya vichwa vya watu.

Sisi tulijenga kiunzi cha upande wetu, Warundi wakajenga cha kwao. Siku ikafika, filimbi ikalia, hakuna aliyeinua nyundo. Wenzangu walinong'ona, "Wale wakiharakisha, tumekwisha." Nikasikiliza ng'ambo, sauti zikivuka maji: nao, kwa Kirundi, walikuwa wakisema hayohayo juu yetu. Nikampelekea Mhandisi Mkazi, bosi wa daraja zima, maneno ya pande zote.

Akavua kofia, akaivaa tena. "Basi nusu yenu mvuke kule, na nusu yao waje huku. Tuone nani ataharakisha awaangushie ndugu zake tao."

Tukavuka kwa mtumbwi. Katikati ya mto tulipishana na mtumbwi wao, na fundi wao mmoja mnene, Nyandwi, akanipigia kelele, "Unitunzie nguzo zangu!"

"Na wewe zangu!" nikajibu.

Nilisimama chini ya zege nisilolimwaga, kati ya watu nisiowajua. Filimbi ikalia. Nikapaza sauti, "Buhoro! Taratibu!" na Nyandwi ng'ambo akarudia vivyo hivyo. Tukagonga, tukasimama, tukatazama juu, tukagonga tena. Mbao zililia kama mlango wa zamani. Kisha mzee wa Kirundi pembeni yangu akashika nguzo, akaitikisa, ikacheza mkononi mwake. Ilikuwa haibebi kitu. Tao lilikuwa limesimama peke yake.

Sijui nani alianza kupiga kelele. Najua nilikumbatiwa na watu waliokuwa wananuka zege na jasho, na jioni Nyandwi alinilazimisha kula maharage mpaka nikashindwa kuinuka. Tangu hapo hakuna aliyeuliza zamu ya kupika ni ya upande gani.

Nilirudi Mpanda, nikafundisha wengine, nikastaafu, nikajenga hapa Kawajense. Nyie mnaoanza ufundi, mjue seremala wa daraja hujenga kazi yake ili ibomolewe. Ilinikera ujanani, sasa hainikeri. Mwaka niliostaafu nilimpeleka mke wangu akalione lile daraja. Malori yalikuwa yakipita juu, naye akauliza kazi yangu iko wapi. Nikamteremsha hadi ukingoni, nikamwonyesha tumbo la tao: zege limebaki na mistari ya mbao zetu, hata macho ya mti yanaonekana.

Akatazama sana. Kisha akamwita mama mmoja aliyekuwa akifua pale mtoni: "Dada, njoo uone! Huu ni mtundu wa kwetu Mpanda!"