Ukoo wa Walker

Kwenye kahawa ya baada ya ibada huko Akalla, ughaibuni, niliwatambia watu kwamba jina langu la ukoo, Walker, ni la makabaila wa Uingereza. Shemeji yetu Mwingereza akatua kikombe.

"Walker ni jina la kazi: wa kwanza walikanyaga vitambaa kwa miguu mitupu, ndani ya mkojo, ili vitakate."

Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Babu alikuwa mpishi wa mzungu," nikajitetea, "akabatizwa kwa jina la bosi wake."

Mama mmoja Mkongo hakucheka. Akanishika mkono. "Papa, na mbele ya ule ubatizo, babu yako aliitwa nani?"

Nikakoroga kahawa isiyo na sukari, nikiwa nimeinamisha kichwa.