Waya Uliofungwa kwa Uzi Mwekundu

Ukiuliza fundi umeme pale kwenye yadi ya malori, utaonyeshwa kibanda cha bati cha mwisho na kuambiwa umwone Dada Fyuzi. Jina lake halisi walishalisahau, naye hana haja ya kuwakumbusha. Ufundi alifundishwa na baba yake, ambaye sasa macho yamemchoka. Kazi ya mzee ni kukaa mlangoni kwenye kiti, kusikiliza injini za watu zinavyowaka na kuzikosoa moja baada ya nyingine.

Dada Fyuzi ana kaka mmoja, dereva wa lori, mkubwa kwake kwa umri na mdogo kwake kwa akili, ndivyo anavyomtania. Yadi nzima humwita Disko. Lori lake lina taa juu ya paa, taa kwenye bampa, taa za bluu chini ya bodi, na ndani ya kabini spika mbili na amplifaya ya kuzisukuma. Likipita usiku, majogoo huwika wakidhani kumekucha.

Siku hiyo Disko aliingia kibandani bila kelele, na dada yake akajua kuna jambo.

"Nimekalia kuti kavu, mdogo wangu," alisema. "Lori limegoma tena kuwaka hapo nje, na mzigo wa watu uko juu. Tajiri wangu, mwenye lori, amenunua betri mbili mpya. Anasema hizi nazo zikifa, nimwachie ufunguo. Nisipotaka hivyo, ning'oe taa na muziki vyote."

"Basi ng'oa."

"Taa, sawa. Muziki siwezi." Akashusha sauti. "Siku ile nilipoacha barabara sikuwa na redio. Uko peke yako, barabara imenyooka kutwa nzima, usingizi haubishi hodi."

Dada Fyuzi alikumbuka. Yeye ndiye aliyefua shati la kaka yake lililolowa damu siku ile. Aliogopa, na kama kawaida yake, woga ukageuka hasira. Akajifunga kibwebwe.

"Kazi hupotezi na muziki hutoi," alisema. "Fungua boksi la betri."

Lori lile linatumia betri mbili zilizoungwa pamoja, jumla volti ishirini na nne. Redio ya dukani inataka kumi na mbili. Kwa hiyo madereva na mafundi wao wana njia ya mkato: wanachukua umeme kwenye betri moja tu, na redio inaimba vizuri. Kumbe betri ile inanyonywa peke yake, na mwenzake, kwa kuwa zinachajiwa kama kitu kimoja, inajazwa kupita kiasi mpaka inatokota. Ni sawa na watu wawili kubeba gunia, kisha mmoja wao umpandishe mtoto mgongoni.

Waya wa mkato ulikuwa pale pale. Kiungo chake kilikuwa kimezungushiwa uzi mwekundu, nadhifu, na kupakwa gundi. Yadi nzima, mtu anayemaliza kazi yake hivyo ni mmoja, naye alikuwa amekaa mlangoni.

Angeweza kuukata kimyakimya, macho ya mzee yasingeona. Lakini aliona kumficha ni kumzika baba yake akiwa hai. Akazitenga betri, akamletea waya mkononi.

"Baba, shika hapa."

Vidole vya mzee vikapapasa, vikakuta uzi. Akatabasamu. "Kazi yangu. Bado imara?"

"Imara. Ndiyo inayoua betri."

Tabasamu likaisha. "Miaka yote tumefunga hivi."

"Zilikuwa redio za kaseti, baba. Huyu mwanao amefunga ukumbi wa dansi."

Mzee aliupapasa uzi ule mara moja zaidi. "Lete koleo," alisema mwishowe. "Niliufunga mimi, nitaukata mimi."

Kutwa nzima Dada Fyuzi alikuwa amelala chini ya lori. Alifunga konvata, kisanduku kinachopokea umeme wa betri zote mbili na kutoa volti kumi na mbili. Akaweka waya mnene, fyuzi karibu na betri, na kifaa cha kuzima muziki na taa kabla betri hazijaishiwa nguvu ya kuwasha injini.

"Za bluu nazitoa," alisema. "Altaneta ndiyo inayochaji betri, na si mama yetu, haitakuvumilia."

Disko alinuna, lakini hakubisha.

Tajiri alipofika, Dada Fyuzi aliwasha muziki na taa, injini ikiwa imezimwa, akaviacha viendelee. Watu walisogea, wengine wakacheza. Jua likainama. Ghafla, katikati ya wimbo, muziki ukakatika na taa zote zikazimika. Disko akawa kama aliyemwagiwa maji.

Tajiri akatikisa kichwa na kunyoosha mkono. "Tulikubaliana. Ufunguo."

Dada Fyuzi alimpokonya kaka yake ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha tajiri.

"Huo hapo. Panda uwashe."

Tajiri akapanda. Injini ilishika kwa mguso wa kwanza, ikanguruma. Akashuka, akamrudishia Disko ufunguo.

Mlangoni, mzee aliinamisha kichwa akiisikiliza injini ile. Hakuikosoa. Aliuliza tu kiungo kipya kimefungwa kwa kitu gani.

"Kwa uzi wako, baba," binti yake alisema. "Mwekundu."