Intavyu ya kazi Rumonge, mama akaifanya siku ya kuhesabiwa

Wakuu amahoro,

Leo nina furaha kupita kiasi, mnisamehe nikikosea kuandika. Hii imenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mama yangu yuko hai, nikidanganya ataniumbua.

Mimi ni mtoto wa kambi ya wakimbizi Tanzania. Tuliporudi kwetu Rumonge nikasoma kilimo mpaka nikapata diplome. Shida iko Kifaransa, changu kinachechemea, na kila kazi nimekwama hapo hapo. Nikaishia kupakia madumu ya mawese kwenye hiace za Bujumbura.

Basi koperative moja, ushirika wa wakulima wa mawese, ikaniita. Wanatafuta agronome, yaani bwana shamba, wa kuzunguka na wakulima wa huko Kizuka. Nikajiapiza, nikikosa na hii sitaomba tena.

Nikaazima koti la jirani. Mikono ilinifika karibu na viwiko, tuyaache hayo.

Kwa wasiojua, kambini siku ya kuhesabiwa familia nzima inaenda. Asiyeonekana anakatwa, na chakula chake kinakatwa. Sisi tumekua hivyo. Tukiona meza, kompyuta na watu wenye beji shingoni, tunajipanga wenyewe.

Ndani nikakuta watu watatu. Mmoja ana tai, Kifaransa kinamtiririka tu. Akaniambia nijitambulishe.

Wakuu, kila kitu kikafutika kichwani. Nikasimama wima, nikasema kwa Kiswahili: "Familia ya watu saba. Mkubwa wa familia ni mama. Wote tupo."



Mwanamke aliyekaa katikati yao akauliza taratibu, "Mutoto yangu, wote wako wapi?"

Nikasema nyumbani. Akanionyesha dirisha.

Nje wamesimama mama, bibi na wadogo zangu wanne, wamepangwa kwa urefu, wameoga, wamevaa nguo za kanisani. Asubuhi mama alisema mtu haendi kuhesabiwa peke yake. Nilidhani ananitania.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikajua kazi imekwenda.

Mwenye tai akavua miwani, akawaangalia. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kambini kabisa, "Sisi tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mstari."

Akaniuliza swali kwa Kiswahili hicho hicho. Mkulima michikichi yake imezeeka na hataki kuikata, nitamwambia nini? Hapo sasa! Niliongea mpaka wakanizuia.

Naanza Jumatatu, wakuu.

Nilipotoka kuwaambia, mama hakucheka wala hakulia. Aliuliza tu, "Wametuandika wote?"

Nikamwambia wote.

Nilichojifunza ni kwamba nilihangaika kuificha kambi kwenye CV, wakati walionifuata mpaka pale ni watu wa kambi hiyo hiyo, na sasa nawaonea fahari. Kifaransa nitakisoma polepole.

Haya, na wewe ulipoenda kutafuta kazi ya kwanza, nani alisimama nje akikusubiri? Mwaga hapa, leo nasoma zote.