Wifi na Ukurasa wa Tatu

Wifi yangu akiingia nyumbani kwa mtu huanza kwa kusalimia mapazia. Husimama mlangoni, viatu mkononi, akapitisha macho kwenye kitambaa kutoka juu hadi chini, akatabasamu au akanuna, ndipo akumbuke kwamba kuna wenyeji. Wengi wamemwona hana adabu. Adabu anayo, tena ya kufundishwa. Ila kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mchoraji katika kiwanda cha nguo, na kazi ile haijamtoka.

Mchoro wa kitambaa, alinieleza zamani, ni kipande kifupi tu kinachojirudia mpaka gora liishe. Pale mwisho wa kipande unapokutana na mwanzo wake, wao hupaita kiungo. Mchoraji asiyejua kazi huacha kiungo kikaonekana, na mvaaji akatembea na mstari mgongoni kama kovu. Wifi alikuwa na mtindo wake. Penye kiungo aliweka ua zuri kuliko yote, ili jicho likifika pale liwe limeshatekwa. Wenzake walimwita Bi Rula, kwa sababu ya rula ya mbao aliyokuwa akiichomeka kwenye nywele, na inasemekana aliwahi kwenda nayo harusini bila kujua. Yeye mwenyewe hakuolewa. Waliomuuliza sababu aliwajibu kwamba amewapima wote, hakuna aliyenyooka.

Kaka yake ndiye aliyekuwa mume wangu. Alifundisha hesabu, lakini watu walimjua kwa selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huketi akaikumbatia kati ya magoti. Hapa kwetu haikuwapo nyingine. Watu wakielekezana njia walisema, ukifika nyumba ya selo pinda kushoto. Kila Jumapili alasiri alipiga wimbo uleule wa kale, wa dakika saba, uliotungwa kwa selo peke yake. Aliketi akitazama dirisha, wageni akiwapa bega. Nilimwambia mara nyingi kwamba si heshima, akasema, ndiyo, mke wangu, na Jumapili iliyofuata akaketi vilevile.

Mara moja tuliazima kinasa sauti, tukaurekodi kwenye kaseti. Ukisikiliza vizuri utasikia kiti kikilia, na kijiko changu kikigusa kisahani. Alipofariki, selo niliifunga ndani ya sanduku lake, kaseti nikaitia kabatini, na ufunguo nikauvaa shingoni. Jina la mtu likishabaki bila mwenyewe, linahitaji mlinzi.

Wifi alipostaafu alialikwa kwenye maonyesho ya chuo cha sanaa. Huko aliona filamu fupi ambazo hazina watu wala maneno, ni michoro tu inayotembea, ikikunjuka na kukunjana kwa amri ya muziki. Alikuja kwangu moja kwa moja na hata mapazia hakuyasalimia. Alitaka kaseti. Nilimpa nakala kwa sharti moja, kwamba hakitatoka kitu chenye jina letu kabla sijakiona. Akala kiapo, kisha akaniambia kwamba ningezaliwa mwanamume ningekuwa mlinzi wa benki.

Kazi ilichukua miaka miwili. Chumba cha kulala alikigeuza karakana, yeye akahamia kwenye kochi la sebuleni. Alifunika madirisha kwa kitambaa cheusi, akaweka kioo juu ya meza na taa chini ya kioo. Juu, kwenye fremu aliyochongewa na seremala, alining'iniza simu, jicho lake likitazama chini. Alichanganya wino na mafuta ili usikauke upesi, akachora kwa kidole, kwa pamba, kwa ncha ya kijiti. Akachora kidogo, akapiga picha. Akasogeza jani upana wa unywele, akapiga tena. Kila sekunde ya muziki ilidai picha kumi na mbili. Ukiiangalia, kazi ya siku nzima ilikwisha kabla hujamaliza kupiga chafya.

Nilikuwa nikienda mchana, nikaketi kwenye kigoda pembeni, nje jua kali na ndani usiku wa kutengenezwa. Alicheza kaseti vipande vipande, noti tatu, halafu tatu zilezile, na wino wa buluu ulitanda juu ya kioo kama pumzi juu ya dirisha. Mstari ulizaa tawi, tawi likazaa duara, duara likafunguka likawa maji. Kiti kililia. Kijiko kikagusa kisahani. Alasiri moja nilisikia kiti kile, nikanyanyuka kwenda kumwongezea mtu chai, na nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka. Wifi aliona. Alisogeza jani lake, akapiga picha.

Filamu ilipokamilika, chuo kiliomba kuionyesha ukumbini, na jina la mume wangu liandikwe kwenye karatasi za programu. Mwalimu wa muziki wa pale, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuja nyumbani na kitabu cha noti kuhakikisha maelezo. Tuliiangalia pamoja, wifi, yeye na mimi. Dakika ya tatu nikamwona anafunua ukurasa, anarudi, anafunua tena.

Ilipokwisha alichagua maneno kama mtu anayetoa mwiba. Upigaji ni mzuri sana, alisema. Ila ukurasa wa tatu haumo. Wote. Na mahali pake pana noti ambazo mtunzi hakuziandika. Labda mzee alisahau. Walimu wa vyuo vingine watakuwapo siku hiyo, nao wanaujua wimbo. Je, tungependa aseme nini?

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile ya Jumapili, wageni wameketi kwenye viti vyangu, wakubwa wa shule, wachungaji, na mume wangu anawapigia wimbo wenye tundu. Nilimshukuru mwalimu, nikamsindikiza mpaka getini, nikarudi nimekata kauli. Nilimwambia wifi kwamba pale pakatwe, au jina letu litolewe, na kama hataki, basi kaseti ni yangu na filamu haitoki. Sitakubali mume wangu akachekwe na watu ambao hawakumjua.

Wifi alichomoa rula kwenye nywele, akaishika kwa mikono miwili.

“Wifi, ukurasa ule niliuharibu mimi.”

Alikuwa na miaka saba, kaka yake kumi na mitano. Kitabu kilikuwa cha shule, kimeazimwa, na selo pia. Yeye aliona mistari mitano imekwenda sambamba na vichwa vya noti vimekaa juu yake kama mbegu, akaona mbegu haziwezi kuachwa hivihivi. Akachukua kalamu ya wino, akazichorea mizizi, majani na matawi, mpaka ukurasa mzima ukawa mmea unaotambaa na noti hazisomeki tena. Alipoelewa alilofanya, akauchana na kuuchoma jikoni. Sherehe ya shule ilikuwa imebaki siku nne.

Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa nidhamu, nitaishia hapo. Kaka mtu alijua kitakachompata mdogo wake, na alijua selo ingerudishwa shuleni jioni ileile. Hakumshtaki. Alichukua noti ya mwisho ya ukurasa wa pili na noti ya kwanza ya ukurasa wa nne, akakaa nyuma ya nyumba siku tatu akitafuta njia ya kutoka hii kufika ile. Siku ya sherehe akapiga. Mwalimu wake alimtazama sana, akakohoa, kisha akapiga makofi pamoja na wengine.

“Lakini baadaye alinunua kitabu kizima,” nikasema. “Nakifuta vumbi kila wiki. Ukurasa wa tatu alikuwa nao.”

“Nilimwambia aupige sasa, mambo yamepita. Akaniambia ule ni wa mtunzi, huu ni wetu.”

“Na mimi hakuniambia?”

“Angekwambia, ungeniachia kalamu karibu na kitabu chochote?”

Nilitaka kukasirika. Macho yangu yalikwenda dirishani, kwenye pazia ambalo yeye mwenyewe alitupa siku ya ndoa yetu, la kitambaa cha kwanza alichochora kiwandani. Lina mmea unaotambaa. Nimelifua kwa mikono yangu hii, nimelipiga pasi, nimelipunguza pindo, na sijawahi kuhesabu kwamba matawi yake yanakwenda matanomatano, sambamba, na matunda yamekaa juu yake. Kiti cha mume wangu kilikuwa bado mahali pake, kimelielekea. Hakuwa akiwapa wageni bega. Alikuwa akisoma.

Kisha nilivaa miwani, nikavuta karatasi ya programu ambayo mwalimu aliiacha, nikaandika chini ya jina la wimbo kwa mwandiko wangu wa shule: Ukurasa wa tatu umetungwa na mpigaji, akiwa na miaka kumi na mitano. Wifi alisoma juu ya bega langu. Aliniuliza kama nitaandika pia sababu. Nikamwambia sababu ni mambo ya nyumbani.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu wa muziki alisoma mstari wangu kwa sauti, bila kuongeza wala kupunguza, na wale wa vyuo vingine wakainamia karatasi zao. Taa zikazimwa. Selo ikaanza, kubwa kuliko ilivyopata kuwa sebuleni kwangu, na wino wa buluu ukapanda ukutani. Dakika ya tatu michoro yote ikafifia, ikabaki mistari mitano mitupu. Juu yake zikaanguka mbegu, moja moja. Zikatoa mizizi. Zikatoa majani. Mmea ukatambaa ukuta mzima, ukapanda darini, na mbele yangu mzee mmoja alinyoosha shingo kama anayetaka kuona unakokwenda. Kiti kililia. Kijiko changu kikagusa kisahani, mbele ya watu mia mbili, nami nikashika mkono wa wifi ambao ulikuwa wa baridi na bado una wino kwenye kucha.

Makofi yalipotulia aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekiona kiungo.

Nikamwambia sikukiona.

Nilikiona. Pale pana jani moja kubwa, zuri kuliko yote.