Nilipata saratani ya ulimi nikiwa kijana, mjomba akasema nimefungwa ulimi

Wakuu, habari za Jumapili. Haya sikusimuliwa na mtu, mdomo ni wangu na yamenipata mimi. Wajuaji wamenichosha, leo naandika.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Kitangari, thelathini sijaimaliza vizuri. Sigara sivuti, pombe sinywi.

Kikanitoka kidonda pembeni mwa ulimi. Hakiumi sana, ila hakiponi.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji macho kwenye simu, hata kuniambia nifungue mdomo hakuniambia. Akasema upungufu wa vitamini. Niliporudi akanipa dawa ya fangasi. Na huyo ndo mtaani tunamwita dokta!

Kidonda kikawa kigumu. Ming'oko, vile viazi pori vyetu, natafunia upande mmoja, sikio nalo likaanza kuuma.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akakusanya ukoo, akatamka kwamba nimefungwa ulimi kwa ajili ya ugomvi wa shamba la mikorosho. Jirani naye akaja na elimu yake, eti ni laana ya kujibizana na wakubwa. Kikao kizima maprofesa, na hakuna hata mmoja aliyenichungulia kinywani.

Nikapelekwa kwa mganga wa mjomba. Akanisugua ulimi kwa unga mweusi mpaka damu ikatoka, akasema huo ndio uchawi unaondoka. Isingetoka, nadhani angesema umejificha.

Aliyekataa ni mke wangu, Mama Zuhura. Alimwamkia mjomba vizuri tu, akaitikiwa marahaba, kisha akasema, "Mjomba, kesho mume wangu anakwenda hospitali Masasi. Nimekuja kukuaga, sijaja kuomba ruhusa."

Daktari wa kinywa alinipapasa ulimi na shingo, utani aliokuwa nao ukaisha. Wakakata kipande kikapimwe. Majibu: saratani.

Nikapewa rufaa kwenda Dar, wakaondoa sehemu ya ulimi na tezi za shingoni, ikafuata mionzi. Mate yalikauka, ugali ukawa mchanga mdomoni. Nililia siku niliyoshindwa kumwita mwanangu. Jaribuni kusema Zuhura bila ncha ya ulimi kufika mahali pake.

Sasa sikieni vituko.

Nimerudi nyumbani, mjomba anatangaza kwamba mganga wake ndiye aliyeniponya, Dar walimalizia tu. Msibani nikamkuta anamshauri Baba Asha wa mtaani kwetu ampeleke binti yake kwa mganga yule yule, maana naye ana kidonda ulimini.

Nikasogea, nikafungua mdomo. Nikamwacha Baba Asha atazame mpaka atosheke. Kisha nikasema taratibu, kila neno litoke:

"Mjomba, kipande kinachokosekana hapa alikitoa mganga wako?"

Mjomba akaanza kuulizia kama salfa ya kupulizia mikorosho imefika.

Asha akapelekwa hospitali. Kumbe jino lenye ncha lilikuwa linamkwaruza. Likasagwa, kidonda kikapona. Haikuwa saratani, alhamdulillah, lakini angalau alitazamwa.

Mjomba mpaka leo nampa shikamoo, marahaba haiji. Nimeizoea.

Nililojifunza: umri si kinga. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili tatu bila kupona, mfuate mtu mwenye taa na ujuzi, si mwenye cheo cha ukoo.

Uwanja ni wenu wakuu, hata wajuaji karibuni. Ila kabla hujaniandikia jina la mzizi, sema kwanza: huyo mgonjwa wako, ulimchungulia kinywani?