Ngano ya Bi Ljerka

Kama hukuwahi kununua tiketi kwenye sinema ya mtaa wetu hapa Sarajevo kabla ya vita, basi hujui mwanamke wa kuogopwa anafananaje. Bi Ljerka alikaa kwenye kile kidirisha miaka thelathini na mmoja. Alijua nani amekuja na mkewe na nani amekuja na wa mwenzake, na hakumwambia mtu. Ila ukimwomba viti viwili vya safu ya mwisho, alikutazama juu ya miwani akakuuliza, "Na filamu yenyewe utaiona lini?"

Mimi nakaa juu yake, ghorofa ya tatu. Asubuhi ya Krismasi mlango wake ulikuwa haufungwi. Sisi Waislamu wa jengo zima tulijaa kwenye ngazi, eti tumekuja kumpa mkono wa heri, kumbe tunazifuata keki zake za kokwa za jozi. Siku ya Idi alipanda yeye kwangu, akala baklava vipande vinne na kulalamika kwamba shira haikutosha. Na misa ya mkesha usiseme! Tulikuwa tunakwenda wengi kiasi kwamba Wakatoliki wenyewe walikosa pa kusimama. Naukumbuka mji ule na moyo unaniruka hadi leo.

Sasa ilikuwa Desemba ya tisini na tatu, mwaka wa pili tumezingirwa. Umeme hakuna, maji tunayafuata kwa madumu huku wadunguaji wanatutazama kutoka mlimani, na madirishani tumetundika plastiki. Binti yake wa pekee, Snježana, alikuwa ameondoka na basi la mwisho na sasa yuko Zagreb. Mara moja tu, majira ya kuchipua, Fikret mwenye mitambo ya redio aliwaunganisha kwa dakika tatu, kila mmoja akimaliza anasema "ova" ili mwenzake ajibu. Snježana alilia zote tatu.

"Nimesikia kilio, ova, kilio, ova," Bi Ljerka aliniambia siku ile. "Sura yake naikumbuka, Šuhra. Kicheko chake ndicho kinachonitoka kichwani."

Kwa hiyo Fikret alipoleta habari kwamba mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, atapewa dakika tatu nyingine, Bi Ljerka alipanda ngazi mbio na kiatu mguu mmoja.

"Safari hii halii mtu!" alisema. "Naotesha ngano. Alipokuwa mdogo alikuwa anaipima kwa rula kila asubuhi. Nikimwambia imefika hapa, lazima acheke."

Kwao Wakatoliki, ngano hutiwa kwenye sahani siku ya Mtakatifu Lusia, tarehe kumi na tatu, ili Krismasi ikute majani mabichi mezani. Yeye alikuwa na konzi mbili za mbegu kwenye kopo la kahawa, za tangu kabla ya vita. Mwingine angezisaga akapata mkate. Nikamwambia hivyo, akanijibu nikasage kichwa changu.

Shida ilikuwa baridi. Hakuna nyumba iliyokuwa na kuni za kuwasha jiko la bati siku nzima, basi tukapanga zamu: nyumba inayowasha leo ndiyo inayoilaza ngano. Sahani ikawa inatembea jengo zima na watu wanaiulizia ngazini kuliko walivyouliza habari za vita. "Imeota?" "Imetoa ncha!" "Wewe, usiimwagie maji mengi, utaiua!" Siku ya nane ilikuwa imefika urefu wa kidole changu cha kati, kijani cha kukuliza. Nilishika rula mwenyewe nikapiga vigelegele.

Siku ya tisa ilikuwa zamu ya ghorofa ya kwanza, kwa mkwe wa Mzee Avdo. Mzee huyu alikimbia kutoka kijijini kwao vita vilipofika, na huko kwao Mkatoliki hajawahi kumwona. Mkwewe alikwenda kuteka maji. Aliporudi, sahani ilikuwa imenyolewa kama kuruti wa jeshi, na mzee anapangusa mdomo.

"Mmefanya nini!" nilipiga kelele nilipoitwa.

"Nimekula saladi," alisema Mzee Avdo. "Kila mtu hapa anaotesha kitunguu kwenye kopo, nikajua mkwe wangu kaniotesheza mboga. Sijaonja kitu kibichi tangu Agosti, mwanangu."

"Ile ni ngano ya Krismasi, mzee!"

"Ningejuaje? Kwetu ngano iko shambani, haikai kwenye sahani!"

Bi Ljerka alishuka, akatazama, hakutukana. Hilo ndilo lililonitisha. Alichukua sahani yake akafunga utepe mwekundu kuzunguka vile visiki.

"Nitamwambia sentimita kumi na mbili," alisema. "Ataonea wapi?"

Siku yenyewe tulivuka njia panda tukikimbia mmoja mmoja, tumeinama, yeye na rangi ya mdomo aliyoitunza miezi ishirini. Jengo letu karibu lote lilijazana kwenye chumba cha chini cha Fikret, mitambo ikiunguruma kwa betri ya gari. Mzee Avdo alisimama mlangoni, kofia mkononi, hathubutu kuingia.

"Mama?" Sauti ilitoka, na tayari ilikuwa inakatika kwa kilio. "Mama, ngano... umeotesha? Ova."

Bi Ljerka alifungua mdomo. Niliziona zile sentimita kumi na mbili zikija. Kisha akamwona Mzee Avdo pale mlangoni, akavuta pumzi.

"Niliotesha. Imeliwa. Ova."

"Imeliwa? Na panya? Ova."

"Na Mzee Avdo wa ghorofa ya kwanza. Kaifanya saladi. Ova."

Redio ikakoroma tu. Nikajua ndiyo basi, analia. Hapo Mzee Avdo akatupenya wote, akainama kwenye kipaza sauti cha Fikret na kupaza sauti kama anaita ng'ombe bondeni:

"Binti, nisamehe! Ilikuwa tamu! Ilikosa chumvi tu!"

"Sema ova," Fikret alimnong'oneza.

"Ova!"

Kikalipuka. Kicheko cha Snježana, kile kile cha kukosa pumzi na kukoroma mwishoni, kikajaa chumba kizima, kikatulia, kikaanza upya. Watu walikuwa wanapigana mabega. Bi Ljerka alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, amefumba macho.

"Bi Ljerka," Fikret alisema, akionyesha saa, "zimebaki sekunde arobaini, na hujamtakia hata heri ya Krismasi."

"Nyamaza, Fikret," alisema. "Mwache acheke."